Kutia Manii ya Mume katika Tumbo la Uzazi la Mkewe: Maelezo ya Utabibu Wake na Hukumu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mume na mke, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, sababu ya kuandika kijitabu hiki ni jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala sioni haya kulieleza. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mtu wa mtaa wetu, mtu wa heshima na wa safu ya mbele msikitini, akataka nimwandikie talaka ya mkewe. Nilipomuuliza sababu akanijibu kuwa wamekaa miaka sita na mwanamke hazai. Nikamwandikia. Sikumuuliza neno la pili. Mwanamke akakaa idda yake, ikaisha, akaolewa na mtu mwengine, na haukutimia mwaka wa pili illa ana mtoto mapajani. Yule bwana naye akaoa mke mwengine, wakakaa miaka minne, kisha akanijia tena kwa jambo lile lile. Siku hiyo nilimkalisha kitako barazani nikamuuliza, "Je, bwana, wewe umepimwa?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema, "Maalim, mimi ni mzima, sina ila yoyote."

Basi fahamu ya kuwa neno hili "mimi ni mzima" ndilo lililovunja nyumba nyingi katika pwani yetu. Mume aonapo nguvu zake zipo na manii yake yatoka, hukata shauri kuwa ila ni ya mwanamke. Wala si hivyo. Nguvu za kumwendea mke ni jambo moja, na mbegu zilizo ndani ya manii ni jambo jengine. Manii yaweza kuwa mengi na mazito kwa macho, na ndani yake isiwemo hata mbegu moja iliyo hai, na jicho la mwanadamu haliwezi kulijua hilo illa kwa hadubini. Matabibu wameona kuwa katika kila mume na mke wawili wawili waliokosa mtoto, kama nusu yao ila huwa kwa mume, ama peke yake ama pamoja na ila ya mke.

Ukisoma Sura ya Ash-Shura mwisho wake, utaona Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa ndiye ampaye amtakaye watoto wa kike na amtakaye watoto wa kiume, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Neno la Kiarabu lililotumika pale, "aqiim", kwa lugha ya Waarabu huambiwa mwanamume na huambiwa mwanamke, sawasawa. Tena mtazame Nabii Zakariya alayhi ssalaam katika Sura ya Maryam. Alipomwomba Mola wake mtoto alianza kwa kutaja udhaifu wa nafsi yake, mifupa yake na mvi zake, ndipo akataja utasa wa mkewe. Yeye ni Nabii na alijitanguliza mwenyewe, na sisi twamtanguliza mke, na pengine twamtaja yeye tu.

Shirika la Afya la Dunia limeeleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba kadiri ya mtu mmoja katika kila watu sita hupatwa na shida hii ya uzazi wakati fulani wa umri wake. Basi si aibu ya nyumba moja. Na matabibu huwahesabu mume na mke kuwa wana shida wakiwa wamekaa mwaka mzima wakiingiliana bila ya kuzuia mimba na mimba isipatikane. Mwanamke akiwa amepita miaka 35, hawangoji mwaka, huanza kumtazama baada ya miezi sita, kwani umri wake haungoji.

Sasa tuutaje utabibu wenyewe, na kwanza yapasa kujua namna mimba ishikavyo, kwani asiyejua njia hawezi kujua palipofupishwa.

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja upande wa kuume wa tumbo la uzazi na kimoja upande wa kushoto. Kila mwezi aghlabu hupevuka yai moja, likatoka katika kifuko chake na kupokewa na mrija wa uzazi wa upande ule. Kutoka huko huwa kadiri ya siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Yai hilo halidumu. Uhai wake ni kama saa 12 hata 24, kisha huharibika. Mbegu za mume huishi zaidi kuliko hayo, na zikipata ute mzuri wa mwanamke huweza kuishi hata siku 5. Mume amwendeapo mkewe, manii humwagika mbele ya mlango wa tumbo la uzazi, na ndani yake huwamo mbegu mamilioni kwa mamilioni. Hapo mbegu hazina budi kuogelea zenyewe: zivuke ute wa mlango, zipite tumbo la uzazi lote, ziingie mirijani, zilikute yai. Nyingi mno hufa njiani. Katika mamilioni hayo, zinazofika karibu na yai ni mamia tu, na katika mamia hayo ni moja ndiyo iingiayo.

Basi mume akiwa mbegu zake ni chache, au ni nzito wa mwendo, au mlango wa mwanamke una ute unaozizuia, au mmoja wao ana maradhi yanayomzuia tendo lenyewe lisitimie, mbegu hazifiki kwa hesabu ya kutosha. Utabibu huu tunaoueleza kazi yake ni kuzichukua mbegu za mume, kuzisafisha na kuzikusanya zile zilizo hai na zenye mwendo, kisha kuzitia kwa mpira mwembamba ndani ya tumbo la uzazi la mkewe, kuupita ule mlango, katika saa ambayo yai li karibu kutoka au limekwisha kutoka. Njia iliyobaki zaiogelea zenyewe. Kukutana kwa mbegu na yai huwa ndani ya mwili wa mwanamke vilevile kama kawaida, wala tabibu hana mkono wala jicho pale.

Kwa hivyo usiuchanganye utabibu huu na ule wauitao mtoto wa chupa. Katika ule, mayai ya mwanamke hutolewa kwa sindano, yakakutanishwa na mbegu nje ya mwili, kisha kilichotungika kikarudishwa tumboni. Na wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo ni msichana aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978. Huu wetu ni mwepesi kuliko ule, na gharama yake ni ndogo kuliko ule, tena ni wa zamani zaidi. Katika karne ya kumi na nane tabibu mmoja wa London, jina lake John Hunter, alijiwa na mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa tundu la utupu wake halikukaa mahali pake, manii yakawa hayafiki. Hunter akamfundisha kuyapokea manii kwa bomba lililotiwa joto, kisha ayatie kwa mkewe mwenyewe, na mwanamke akashika mimba. Khabari hii ilichapishwa mwaka 1799, Hunter akiwa amekwisha kufa.

Kabla ya jambo lolote hupimwa wote wawili. Kwa mume ni kitu chepesi mno, na hii ndiyo ajabu ya wanaume, kwamba mwanamke amekwisha kutiwa vyuma na kupigwa picha za ndani na kunywa dawa za miti kwa miaka, na mume hajatoa hata kikombe kimoja. Mume hutakiwa ajizuie na mkewe kwa siku 2, wala asizidishe siku 7, kisha manii yake yapokewe yote katika chombo safi na yafike kwa mpimaji kabla ya saa moja kupita, yakiwa na joto la mwili. Mpimaji hutazama wingi wake, idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake. Kwa kitabu cha vipimo cha Shirika la Afya la Dunia cha mwaka 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 katika mililita moja, au jumla milioni 39, na katika kila mbegu 100 ziwe 42 zenye kutikisika, na 30 katika hizo zenye kwenda mbele. Mpaka huu umetolewa kwa kuwatazama wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, kisha wakawatenga walio chini kabisa katika hao. Basi aliye chini ya mpaka si lazima awe tasa, na aliye juu yake hakuandikiwa hati ya kuzaa.

Kipimo kikiwa kibaya hurejewa mara ya pili baada ya muda, kwani mbegu huchukua kadiri ya miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali ya mwezi uliopita yaweza kuziharibu za leo. Tumbaku huzidhoofisha. Na vijana wanaojipiga sindano za homoni ya kiume ili watunishe misuli, na wajue kuwa sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu. Mwili uonapo homoni imetoka nje huacha kazi yake. Wengine huwa na mishipa iliyovimba katika korodani, na hiyo hutibika.

Kwa mwanamke hutazamwa kama mayai yapevuka na kutoka, na kama mirija ipo wazi. Mirija hupimwa kwa kutia dawa yenye kuonekana katika picha ya eksrei, ikatazamwa kama yapita. Hapana budi mmoja kwa uchache uwe wazi, kwani mirija ikiziba yote miwili, kutia manii ni kupoteza mali. Mbegu zitafika ukutani. Na yanayoziba mirija aghlabu ni kisonono na klamidia, maradhi ambayo mwanamke huweza kuwa nayo bila ya kuhisi chochote. Nani aliyeyaleta nyumbani? Mimi nimekaa kitako na waume walioleta maradhi haya kutoka safarini, kisha wakaja kumshitaki mke kuwa ni mgumba. Msomaji atajaza mwenyewe.

Wanaofaa kwa utabibu huu ni wale ambao mbegu za mume zimepungua kidogo si sana, au ambao kila kipimo kimetoka kizuri na sababu haikujulikana, au ambao mwanamke mayai yake hayapevuki illa kwa dawa, au ambao tendo la ndoa halitimii kwa maradhi. Ama mume asiye na mbegu kabisa katika manii yake, au zilizo chache mno, huu si utabibu wake, na apelekwe kwa njia nyengine.

Kazi yenyewe huwa hivi. Mwanamke huanza kutazamwa tangu siku za mwanzo za hedhi yake. Wengine hupewa vidonge vya klomifeni au letrozoli kwa siku tano ili yai lipevuke vizuri, na wengine huachwa kwa maumbile yao. Tabibu hulitazama yai kwa mashine ya altrasaundi, ambayo huonyesha kifuko kidogo chenye yai kikikua siku baada ya siku. Kikifika kadiri ya milimita 18 hata 20, mwanamke hupigwa sindano ya kulitoa yai, na baada ya sindano hiyo yai hutoka kwa kadiri ya saa 36. Manii hutiwa baina ya saa 24 na 40 baada ya sindano. Ikiwa altrasaundi imeonyesha vifuko vingi vimekua kwa pamoja, tabibu mwema husema tuache mwezi huu, kwa khofu ya mimba ya watoto watatu au wanne, kwani mimba hizo ni hatari kwa mama na kwa watoto. Msimlazimishe kwa kusema kuwa mmekwisha lipa.

Asubuhi ya siku hiyo mume hutoa manii. Hayatiwi kama yalivyotoka, bali huoshwa kwanza. Hapa wanafunzi wangu waliniuliza, "Maalim, kwa nini yaoshwe, nasi katika madhehebu yetu ya Shafi manii ni tohara?" Suali zuri. Kuoshwa huku si kwa ajili ya najisi. Maji ya manii yana vitu ambavyo vikitiwa moja kwa moja ndani ya tumbo la uzazi hulifanya libane kwa maumivu makali, tena mna vijidudu na mbegu zilizokufa. Katika kuingiliana kwa kawaida ule mlango huvizuia vitu hivyo, na mbegu hupita peke yake. Kwa kuwa tabibu aupita mlango, hana budi afanye kazi ya mlango. Basi manii huwekwa katika kijichupa juu ya maji maalumu yaliyo mazito, kikazungushwa kwa mashine kwa nguvu. Mbegu njema huzama chini na takataka hubaki juu. Au huwekewa maji juu yake na kuachwa, mbegu zenye nguvu zikaogelea kupanda, zikachukuliwa hizo. Mwisho hubaki maji machache, kama nusu mililita, yenye mbegu zilizochaguliwa. Zikipatikana milioni 5 hata 10 zenye mwendo, matumaini ni mema. Zikiwa chini ya milioni moja, matumaini ni madogo sana.

Kisha mwanamke hulala chali, tabibu akaufungua uke kwa chombo kile kile kitumikacho kwa kumpima, akaupitisha mpira mwembamba laini katika mlango wa tumbo la uzazi, akasukuma yale maji machache polepole. Ni dakika chache tu, wala hapana kisu wala kulazwa usingizi. Wengine huhisi kama maumivu ya hedhi, na wengine hawahisi kitu. Huondoka kwa miguu yake, akaendelea na kazi zake, wala mumewe hakukatazwa kumwendea usiku ule. Baada ya siku 14 hupimwa mimba.

Ama matumaini yake, sema kweli wala usidanganyike na matangazo. Kwa mara moja, katika wanawake 100 wanaotiwa, wanaoshika mimba ni kadiri ya 10 hata 20, na idadi hupungua kwa umri. Aliyepita miaka 40 huwa chini sana. Aghlabu wanaofanikiwa hufanikiwa katika mara tatu au nne za mwanzo, na ikipita mara sita bila ya kitu, tabibu mwenye amana huwaambia watazame njia nyengine. Yule bwana wa mtaa wetu, kwani nilimpeleka kwa mkono wangu kupimwa, zilionekana mbegu milioni 9 katika mililita. Aliishika karatasi ile muda mrefu, kisha akamtaja mke wake wa kwanza kwa jina. Mara ya kwanza haikushika. Akaja kwangu amekunja uso kama kwamba mimi ndiye niliyemuuzia. Nikamwambia kuwa hata walio wazima kabisa, mwezi mmoja wakiwa na mwezi mmoja hawana, ndivyo maumbile yalivyo. Mimi nami nilikwenda kwa baba wa yule mke wa kwanza nikamtaka radhi kwa karatasi niliyoiandika bila ya kuuliza.

Sasa hukumu yake. Watu hudhani kuwa jambo hili ni jipya na wanavyuoni wa zamani hawakulijua. Bali maimamu wetu wa Kishafi wamelitaja katika vitabu vya fiq-hi kwa jina la kuingiza manii, maana yake mwanamke kuingiza manii ya mumewe katika utupu wake bila ya kuingiliwa. Imamu Nnawawi amelitaja katika Minhaaj, katika mlango wa idda: mwanamke aliyeolewa wala hakuingiliwa, akipewa talaka hana idda, walakini akiwa ameingiza manii ya mumewe, idda humlazimu kama aliyeingiliwa. Na mtoto akipatikana kwa manii hayo huungana na baba yake kwa nasaba. Wakashurutisha manii yawe yenye heshima, maana yake yawe yametoka kwa njia ya halali, si kwa zinaa.

Na wanavyuoni wa zama zetu wameitazama kazi hii ya matabibu. Sheikh Jaadul Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri kisha akawa Sheikh wa Azhar, alitoa fat-wa mwaka 1980 kuwa yajuzu kwa manii ya mume kwa mkewe, na ni haramu kwa manii ya mwengine. Na Baraza la Fiq-hi la nchi za Kiislamu lililokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 lilizitazama njia saba, likaziharimisha tano zilizoingia mtu wa tatu, likaruhusu mbili kwa haja, na mojawapo ya mbili hizo ni hii: kutiwa manii ya mume ndani ya mkewe. Wako walioona kuwa kujizuia ni salama zaidi, wakikhofu kuchanganyika kwa manii, na khofu yao ina mashiko kama utakavyoona.

Manii na yatolewe kwa halali. Kwa mkono wa mkewe yajuzu bila ya shaka katika madhehebu yetu, na kwa kumwingilia kwa mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu pia yajuzu. Hospitali nyingi huwa na chumba cha faragha, na mume ana haki ya kutaka mkewe aingie naye. Asione haya kulisema. Picha za uchi ambazo baadhi ya mahali huwekwa ndani ya chumba hicho, azigeuze uso wake ukutani. Kwa mke atafutwe tabibu wa kike. Asipopatikana, basi wa kiume, mumewe akiwapo, na usifunuliwe illa mahali pa haja.

Suali: Mke hulazimika kuoga janaba kwa kutiwa manii? Jawabu: Hapana, wala yakitoka baadaye haoni josho kwayo, illa udhu wake umevunjika. Mume ndiye wa kuoga, kwa kutokwa.

Suali: Ikiwa siku ya yai imeangukia Ramadhani? Jawabu: Kitu kiingiacho ndani ya utupu wake hubatilisha saumu yake, na kujitoa manii mchana hubatilisha ya mume. Na wangoje Shawwali, au ifanywe usiku ikiwa yupo wa kuifanya.

Suali: Mume ameweka manii yake katika barafu, kisha akafa, mke aweza kutiwa? Jawabu: Manii siku hizi huweza kuwekwa katika hewa iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, yakakaa miaka. Walakini ndoa haikai katika barafu. Kwa kufa kwake ndoa imekwisha, na manii yake kwake ni kama ya mtu mwengine. Na aandike wasia yamwagwe. Hukumu ni hiyo hiyo kwa mke aliyeachwa na idda yake ikaisha.

Suali: Mume hana mbegu kabisa, na ndugu yake amejitolea kwa siri, je, si damu moja? Jawabu: La, na la, na hapa ndipo niliposhikwa na khofu zaidi, kwani jambo hili laulizwa kwa mnong'ono kuliko mengine yote. Damu ya ndugu si ndoa. Mtoto atamwita baba asiye baba, atarithi asichorithi, na atawaita wana wa ami wale walio ndugu zake wa kweli bila ya kujua. Na siri hizi hazikuanza leo. Mwaka 1884, katika mji wa Philadelphia, Marekani, mume asiye na mbegu alimpeleka mkewe kwa mwalimu mmoja wa utabibu, jina lake Pancoast. Mwanamke akalazwa usingizi kwa dawa, akatiwa manii ya mmoja katika wanafunzi waliokuwa pale, wala hakuulizwa wala hakuambiwa. Akazaa mtoto wa kiume. Mumewe alielezwa baadaye, akaomba mkewe asiambiwe kamwe. Khabari haikutoka illa mwaka 1909, alipoiandika mmoja wa waliokuwapo. Mwanamke yule alimlea mwanawe asijue ni wa nani.

Kwa hivyo, ewe uliyekata shauri kwenda, kazi yako haikwisha kwa kutoa kikombe. Kabla hujakitoa mkononi mwako, hakikisha kimeandikwa jina lako na jina la mkeo na tarehe, kwa wino usiofutika, na uandikwe ukiona. Uliza manii yako yataoshwa na nani, na kama yaoshwa peke yake au pamoja na ya watu wengine juu ya meza moja. Maabara njema huosha ya mtu mmoja kwa wakati mmoja na huwa na mashahidi wawili wa kusoma majina. Na saa ya kutiwa, uwepo chumbani kwa mkeo, usomewe jina lililo juu ya bomba kabla halijatumiwa, ulisome na wewe kwa macho yako. Wakikwambia haina haja, waambie kwetu nasaba yashuhudiwa. Wakikataa, chukua kikombe chako utoke, mwezi mwengine utakuja.

Wallahu aalam.